Bei Iliyotajwa kwa Simu: Kisa cha Mpishi wa Malindi Aliyehama Kazi

Kuhusu kisa hiki

Mpishi mwenyewe ameruhusu habari zake ziandikwe, kwa sharti kwamba asijulikane. Kwa hiyo nimeondoa jina lake, majina ya hoteli zote mbili na mwaka wenyewe, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza. Pesa sikuzigeuza. Makato nimeyapiga kwa viwango vilivyokuwa vikitumika Kenya Februari 2025, ili msomaji aweze kujipigia hesabu yake kwa njia hiyohiyo.

Nami nijitaje kidogo, maana inahusu. Nilikaa miaka kumi na mmoja katika ofisi za utumishi za mahoteli ya pwani, upande ule wa meza anaokaa mwenye kuajiri. Nikipewa bajeti ya shilingi 45,000 kwa nafasi fulani kisha nikaleta mtu kwa 36,000, nilisifiwa. Sikumdanganya mtu yeyote. Nilikuwa nikinyamaza tu, watu wanajishusha bei wenyewe, na waliojishusha upesi kuliko wote walikuwa wale waliomkimbia bosi.

Usuli

Mpishi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Malindi, anakaa Maweni. Kazi yake ni mikate, keki, vitu vitamu vya baada ya chakula, na aiskrimu ya Kitaliano. Ameifanya miaka minane. Kiitaliano anakijua cha jikoni na cha mezani, jambo lisilo ajabu katika mji uliowazoea Waitalia tangu jukwaa lao la San Marco la kurushia roketi liliposimamishwa baharini kule Ngomeni miaka ya 1960.

Hoteli yake ya kwanza iko mjini. Alikuwa akienda kwa miguu, haifungwi mwaka mzima, na mshahara ulikuwa 32,000 kabla ya makato, posho ya nyumba ikiwa imo humohumo. Mkononi zilibaki 27,540.

Bosi wake ndiye aliyekuwa tatizo. Mshahara ulichelewa hadi tarehe kumi, na aliyeuliza alijibiwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote: "Mwenye haraka na mlango uko wazi." Stakabadhi ya mshahara hakuna aliyewahi kuiona. Siku moja umeme ulikatika usiku, jenereta haikuwashwa, krimu na maziwa ya jokofu zima yakaharibika. Wapishi watatu wakakatwa 6,000 kila mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa mali iliyoharibika kwa kosa lake la makusudi. Kukatika kwa umeme hakumo. Lakini nani angemwambia?

Lililomshinda kabisa lilikuwa jambo dogo. Bosi alimwita mbele ya wageni, akaionja keki yake, akaitema kwenye kitambaa. Mgeni mmoja alicheka. Mpishi anasema hakuona haya kwa ile keki, aliona haya kwa kuwa naye alitabasamu.

Kuondoka

Jioni ile alitaka kuvua aproni na asirudi. Aliyemzuia ni mama yake mdogo, muuza kanga sokoni, jirani yangu, na ndivyo nilivyoingia katika habari hii.

Nilimweleza hivi. Analipwa kwa mwezi, kwa hiyo sheria inamtaka atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Akiondoka ghafla, yeye ndiye atakayedaiwa malipo ya notisi, na bosi wa namna ile hatasahau kudai. Akitoa notisi, hakuna atakachodaiwa, naye ndiye mwenye kudai: siku zake za likizo alizochuma lazima zilipwe, na chini ya kifungu cha 51 lazima apewe cheti cha utumishi kinachotaja alianza lini, alifanya kazi gani na alimaliza lini. Sifa mwajiri halazimiki kumwandikia. Cheti analazimika.

Aliandika barua ya mistari minne, bila lawama hata moja. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuondoka kwenyewe; rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Nakala aliipiga picha ikiwa na muhuri wa mapokezi.

Siku ya tatu bosi alimwambia asirudi tena. "Na Malindi hii ni ndogo, tutaona nani atakuchukua."

Aliona ameangamia, na kumbe hapo ndipo mambo yalipomnyookea. Kifungu cha 38 kinasema mwajiri akimwachia mfanyakazi siku za notisi aliyoitoa, hulipa zile zilizobaki, isipokuwa wamekubaliana vingine. Zilibaki siku 25. Juu yake kulikuwa na siku 14 za likizo za miezi minane, kwa kiwango cha siku 1.75 kila mwezi. Alikwenda ofisi ya kazi hapo Malindi na picha ya barua yake, afisa akaandikia hoteli. Zile 6,000 za jokofu hazikurudi, kwa sababu hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha zilikatwa kwa ajili gani. Hayo mengine yalilipwa, pamoja na cheti, baada ya wiki tatu hivi.

Simu ya dakika nne

Wiki mbili baada ya kuondoka, kabla pesa hizo hazijaingia, alipigiwa simu na hoteli moja ndogo ya Watamu. Shefu wao alikuwa amewahi kula aiskrimu yake. Aliyepiga ni mama wa ofisi ya utumishi, mtu wa makamo, wa pwani, mwenye sauti ya upole.

Aliuliza mambo matatu. Bado uko bila kazi? Ndiyo. Kule ulikuwa kwa ngapi? Thelathini na mbili. Unaweza kuanza lini? Hata kesho.

Dakika nne, na majibu matatu ambayo mimi, wakati ule wa kukaa upande mwingine, ningeyashukuru sana. Baadaye alikwenda kwa jaribio la jikoni. Alioka mkate wa focaccia na kutengeneza tiramisu, na shefu aliridhika. Kisha, wakisafisha meza, shefu akamuuliza kwa nini aliondoka kule, naye akafunguka. Alizungumza robo saa: kundi la WhatsApp, jokofu, kile kitambaa. Alilia kidogo. Shefu alimwonea huruma kweli, na kweli hiyohiyo akaipeleka ofisini.

Ofa ilikuja kesho yake: 36,000. Mama wa ofisi aliongeza kwa simu, "Na hapa, mwanangu, hakuna atakayekupigia kelele. Sisi ni familia."

Mpishi alitaka kukubali palepale. Anasema neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni. Kilichomwokoa ni kwamba mama mdogo alikuwa ameketi karibu, akamkonyeza, naye akaomba apewe hadi Jumatatu azungumze na wa nyumbani. Akapewa bila neno.

Hesabu juu ya jamvi

Ijumaa mambo mawili yalitokea. Asubuhi pesa za hoteli ya zamani ziliingia kwenye benki. Jioni tuliketi barazani kwa mama mdogo, mimi, yeye na mpishi, na bahasha ya kuandikia.

Mama mdogo ndiye aliyeanza. Alimuuliza: "Wewe kanga ya mia saba unainunua ngapi?" Mpishi akacheka, anajulikana kwa kuwachosha wauzaji. "Basi mbona kazi yako umeitaja bei kabla mnunuzi hajasema ana nini?"

Swali hilo lilinikaa. Sisi watu wa pwani hatuoni haya kupatana bei ya samaki, kanga au mahari. Ikija kazi, mtu huyohuyo huinamisha kichwa na kusema "mtakavyoona". Inaonekana kama utovu wa adabu kumwambia mtu mzima, aliyekuita mwanangu, kwamba alichokupa ni kidogo.

Nikaandika. Katika 36,000, NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 2,160. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75 ni 990. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 540. Hayo matatu hutolewa kwanza kabla ya kodi, na kinachobaki hutozwa asilimia 10 hadi 24,000, kisha asilimia 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha asilimia 30. Ukitoa nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, PAYE, yaani hiyo kodi ya mshahara, inakuwa 2,077. Mkononi: 30,232. Kwa hiyo nyongeza ya 4,000 ilikuwa kwa kweli nyongeza ya 2,692.

Halafu nauli. Matatu ya Watamu angeilipa 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26: 5,200 kwa mwezi. Tukatoa. Zikabaki 25,032, yaani pungufu ya 2,508 kuliko kule alikotemewa keki.

Alikaa kimya muda mrefu akiitazama ile bahasha. Mama mdogo akaenda kuchemsha chai.

Jumamosi na Jumapili alifanya kazi moja: aliuliza. Nilimkataza kumwuliza mtu "unalipwa ngapi", kwani hilo huwafunga watu midomo. Aliuliza hivi: "Mpishi wa keki mwenye miaka minane, kwenu anaanzia wapi?" Watu watatu walijibu bila taabu. Mmoja wao ni mwakilishi wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, katika hoteli kubwa yenye mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri, akamweleza ngazi za huko zinavyopangwa. Hoteli ya Watamu haikuwa na mkataba huo, ila ilikuwa inachota wapishi kutoka kisima kilekile. Majibu yalikuwa kati ya 38,000 na 50,000.

Kikao cha Jumatatu

Haya nimeyaandika kama alivyonisimulia jioni yake.

Walianza na habari za nyumbani, kama ilivyo desturi, wakamalizana nazo. Kisha mama wa ofisi akasema, "Mwanangu, kule ulikuwa kwa thelathini na mbili. Nikikupa thelathini na sita si nimekupandisha?"

"Umenipandisha, mama, na nashukuru. Ile thelathini na mbili ilikuwa bei ya kazi ya kule, na nilikuwa naenda kwa miguu. Hapa nitapanda gari mara mbili kila siku." Akaweka bahasha mezani. "Nikitoa makato na nauli, narudi nyumbani na pungufu ya kule."

Mama wa ofisi aliisoma bahasha yote. "Nani amekupigia hesabu hii?"

"Ni hesabu yangu, mama. Nilisaidiwa kuiandika."

"Haya. Unataka ngapi?"

"Wapishi wa kazi hii kati ya Malindi na Watamu wanaanzia thelathini na nane, wanafika hamsini. Mimi nina miaka minane, na mgeni wa Kitaliano namhudumia mwenyewe bila kuita mtu wa kunitafsiria. Naomba arubaini na sita, na gari la usiku."

Kisha akanyamaza. Hilo tulilifanyia mazoezi barazani, na ndilo lililomtoa jasho. Mama wa ofisi alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. Alitazama dirishani. Mpishi anasema alihesabu vigae vya sakafu hadi kumi na tisa ili asiseme "lakini hata chini ya hapo naweza".

"Arubaini," akasema mama wa ofisi.

"Na gari, mama?"

Gari lilikuwapo. Hoteli ilikuwa na basi dogo linalowarudisha wafanyakazi wa zamu ya usiku hadi Malindi, ila halikuandikwa popote. Wakaenda, wakarudi, wakatua kwenye 42,000 na gari la usiku kuandikwa ndani ya mkataba. Mkononi: 34,003. Nauli ya asubuhi peke yake, 2,600. Aliomba pia mshahara uangaliwe upya baada ya kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Akajibiwa, "Tutaangalia, inshallah."

Kifungu cha msimu

Mkataba ulikuja Alhamisi. Nikausoma kwa miwani na chai, na katika ukurasa wa pili nikakuta kwamba wakati hoteli imefungwa kwa msimu, mfanyakazi atakuwa kwenye mapumziko yasiyo na malipo.

Kila mtu wa Malindi na Watamu anajua mahoteli mengi hufungwa Mei na Juni. Kusi linavuma, mvua zinanyesha, mwani unajaa ufuoni, maji ya Mto Sabaki yanaipaka bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa, na wageni wako kwao. Shefu alikuwa amemwambia siku ya jaribio: "Mei na Juni tunafunga, mtapumzika." Mpishi alisikia likizo. Nami niliyejifanya hodari wa hesabu niliizungumzia nauli ya mia mia, nikasahau kuuliza miezi miwili mizima.

Tukapiga upya, mara hii kwa mwaka. Hoteli ya zamani: 27,540 mara 12, ni 330,480. Mpya, kwa ule mshahara tulioushangilia: 34,003 mara 10, ni 340,030, toa nauli 26,000, zinabaki 314,030. Hasara ya 16,450 kwa mwaka. Na kama angekubali ile ofa ya kwanza ya 36,000, bila gari na bila malipo ya miezi miwili, angeingiza 250,320. Angelipia utulivu wake 80,160 kila mwaka, na asingejua hadi Juni ya kwanza.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshakubali. Kumrudia mtu baada ya kupeana mikono si jambo jepesi, na hapa tulikosana kidogo barazani. Mama mdogo alitaka aachane nao. Mimi nilitaka arudi na jambo moja tu, bila kuufungua tena mshahara. Mpishi alichagua langu, ila aliongeza la kwake, ambalo lilikuwa bora kuliko yote tuliyompangia: alikwenda kwa miguu yake badala ya kupiga simu, na alikwenda na keki ya ndimu.

Hoja yake ilikuwa kwamba sheria inampa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka zenye malipo kamili, na hizo haziwezi kugeuka kuwa bure kwa sababu mlango umefungwa. Basi zilipwe Mei. Mama wa ofisi, ambaye anaijua sheria vizuri, hakubisha. Walibishania Juni. Mwisho waliandika: Mei yote mshahara kamili, ikihesabiwa kuwa ndiyo likizo ya mwaka, na Juni nusu mshahara.

Matokeo

Kwa mwaka anaingiza hivi: miezi 11 ya 34,003, na Juni 18,847, kwa kuwa kwa nusu mshahara PAYE humezwa yote na ile nafuu. Jumla 392,880. Toa nauli ya miezi kumi, zinabaki 366,880. Amezidi kule kwa 36,400, au 3,000 na ushei kwa mwezi. Si utajiri. Aliposikia watu wakisema amehamia "kwa arubaini na mbili" kutoka thelathini na mbili, alicheka.

Mshahara huingia tarehe 28. Stakabadhi huja kwa simu. Hakuna aliyetema keki.

Miezi mitatu ya majaribio ilipita, na lile "tutaangalia" halikuangaliwa. Alipouliza, aliambiwa bajeti imeshafungwa. Desemba dada yake aliolewa Lamu, na kwa kuwa likizo yake yote imewekwa Mei, aliomba siku sita katikati ya msimu, akapewa mbili, bila malipo. Alifika harusini siku ya mwisho, watu wameanza kupakia vyombo. Hilo bado linamuuma kuliko pesa.

Boksi la bakshishi nalo hatukuliuliza kabisa. Alikuja kugundua kwamba jikoni hupata sehemu ndogo kuliko wahudumu wa mezani, na aliye kwenye majaribio hupata nusu ya hiyo ndogo.

Uchambuzi

Nianze na simu, maana pale ndipo kisa chote kilipoamuliwa, na kila kilichofuata kilikuwa ni kujitoa shimoni. Mpishi hakukosea kwa kusema kweli. Wengi hushauri mtu aongeze uongo kidogo juu ya mshahara wa zamani. Mimi nakataa, na si kwa dini peke yake. Mwajiri anaweza kukuomba stakabadhi au fomu ya P9, ile ya mwaka inayoonyesha mshahara na kodi, na ukishikwa hapo huna tena la kuzungumza. Lakini kati ya kusema uongo na kutaja tarakimu kwa mtu usiyemwona kuna nafasi kubwa. Angeweza kujibu: "Mama, ningependa kwanza nijue kazi yenyewe na mlichopanga kwa nafasi hii." Nilipokuwa ofisini, waliojibu hivyo tuliwatajia bajeti karibu mara zote. Walikuwa wachache.

Kutaja 32,000 kulifanya mazungumzo yote yazunguke hapo. Na ile 32,000 ilitoka wapi? Iliwekwa na bosi yuleyule aliyewakata watu kwa ajili ya umeme. Mtu anakimbia dhuluma, halafu anabeba kipimo cha dhuluma ileile kwenda kupimiwa nacho kwingine.

La pili ni ile robo saa jikoni. Simlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na aliyekaa miaka na bosi wa namna ile, akiulizwa kwa upole, humwagika. Ila angalia kilichotokea: ofisi ilijua kwamba huyu anatafuta amani kwanza, na ofa ikaja imefungwa na amani juu yake. "Hakuna atakayekupigia kelele." Nimewahi kuyasema maneno hayo mimi mwenyewe, na yalikuwa ya kweli, na niliyasema kwa kuwa yanapunguza mshahara. Swali la "kwa nini uliondoka" lina jibu la sentensi moja lisilo uongo: "Nilifika mwisho wa nilichoweza kujifunza pale, na malipo yalikuwa hayatabiriki." Wa kulilia ni mama mdogo, barazani.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni namna alivyoondoka. Watu huiona notisi kama heshima kwa bosi asiyeistahili. Katika kisa hiki ile barua ya mistari minne ndiyo iliyolipa zaidi ya mshahara wa mwezi, na pesa hizo ziliingia Ijumaa, kikao kikawa Jumatatu. Mtu mwenye mwezi mmoja benki huweza kunyamaza hadi kigae cha kumi na tisa. Angevua aproni jioni ile, asingefika kigae cha tatu. Cheti cha utumishi nacho kilifanya kitisho cha "Malindi ni ndogo" kikose meno: hoteli mpya ilikuwa na karatasi ya tarehe na kazi, na mdomo wa shefu aliyeijua aiskrimu yake. Haikuhitaji kumpigia simu mtu yeyote.

Kuhusu "mwanangu", nimeulizwa na wasomaji wa rasimu hii kama mama wa ofisi alikuwa mnafiki. Sidhani. Alimwita mwanangu kwa sababu ndivyo mtu wa umri wake amwitavyo mtu wa umri ule. Mpishi hakulikataa neno hilo wala hakulikwepa. Alisema "mama" katika kila sentensi, na katika kila sentensi akabaki na tarakimu yake. Ile keki ya ndimu ilitoka palepale. Mtoto anayerudi kwa mama yake na jambo la pili haji mikono mitupu, na hakuna aliyemfundisha.

Kosa langu mimi ni la mwezi na mwaka. Nilihesabu kwa mwezi kwa sababu ofisini tulihesabu kwa mwezi. Katika mji unaoishi kwa kaskazi na kusi, mshahara wa mwezi hauelezi chochote hadi ujue unalipwa miezi mingapi. Swali la kwanza kwa hoteli yoyote ya Watamu, Malindi au Lamu lingekuwa: mnafunga lini, na nani analipa siku hizo? Tungeliuliza Jumatatu, tungeipata ile nusu ya Juni palepale na tungebaki na nguvu za kudai likizo igawanywe, walau siku saba zibaki nje ya Mei. Tulipolikuta Alhamisi tulikuwa tumeshamaliza risasi zetu, na harusi ya Lamu ndiyo iliyolipia.

"Tutaangalia, inshallah" sina la kuongeza. Lilipaswa kuandikwa na tarehe, kama gari la usiku lilivyoandikwa. Gari halijakosa hata siku moja.

Mwezi uliopita hoteli ilimtaka atafute msaidizi wa kufanya naye aiskrimu. Alimleta binti mmoja wa Muyeye, mwepesi wa mikono, aliyetoka kwenye mkahawa aliokuwa akinyanyaswa. Mama wa ofisi akamwambia mpishi, "Muulize kwanza kule alikuwa kwa ngapi." Mpishi akajibu kwamba hilo hatamuuliza, ila wakitaka kujua anafanya nini, aje Alhamisi saa tisa, aoke.